Kadi Isilale Ndani ya Lori

Mheshimiwa Shefu wa kartye, mtaa wetu huu. Muzee Habarurema, Rais wa koperativi, ushirika wetu. Pasta uliyetufungulia kwa sala. Wafugaji mlioteremka na maziwa kutoka milima ya Masisi, na wakulima mliofika na viazi kutoka Rutshuru. Akina mama mnaouza pale barabarani. Na nyinyi madereva, ambao leo mmevaa mashati safi hata nikakaribia kushindwa kuwatambua: nawasalimu wote, kila mmoja kwa cheo chake na kwa jina lake.

Jina ndilo lililotukusanya hapa. Kwa hiyo nianze na kosa ambalo karibu kila mtu analifanya akipewa chombo hiki tunachokifungua leo, wasomi wakiwemo. Kosa lenyewe ni kufikiri kwamba kadi ya dereva ni hati ya lori. Tunaipokea kadi, tunaichomeka katika kile kiboksi kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, tunaona taa inawaka, tunafurahi, halafu tunaiacha humo, mvua na jua.

Siwashangai. Nani kati yetu haijui bahasha ya plastiki inayokaa juu ya kichwa cha dereva? Ndani yake mna hati za gari, bima, risiti za barabarani, na wakati mwingine picha ya mtoto wake wa mwisho. Njiani mtu akinyoosha mkono, dereva anateremsha bahasha nzima. Tumejifunza kwamba karatasi ikisahaulika nyumbani, safari imekufa. Basi kila karatasi inalala garini, na kadi nayo tukailaza humo. Hiyo ni busara ya barabara, wala siidharau. Lakini msimu huu busara hiyo ilikaribia kumnyang'anya mtu mwema kazi yake, na mtu huyo ameketi pale, mstari wa pili, pamoja na mke wake Mama Léonie. Anaitwa Magloire.

Nitafika kwake. Mnivumilie kwanza nieleze chombo chenyewe, maana mtu aliyefundisha umeme miaka mingi hawezi kupita karibu na waya bila kusimama.

Tazameni juu ya ile nguzo. Kile kitu cheupe kinachofanana na sinia iliyosimamishwa ndicho kisomaji. Kinatuma mawimbi tusiyoyaona kwa macho. Lori linapokaribia, kiboksi kilicho kwenye kioo kinayajibu mawimbi hayo kwa habari mbili. Habari ya kwanza inasema: hili ni lori fulani. Ya pili inasema: kadi iliyochomekwa humu ni ya fulani. Yote hayo lori likiwa bado linatembea na dereva hajashusha kioo. Habari zinashuka kwa waya mpaka kwenye kibanda cha mlinzi wetu, Papa Nizeyimana, na jina linatokea kwenye ekrani. Hapo bariere, ule mti unaofunga lango, inainuka.

Aliyetufungia haya yote ni fundi Héritière, binti wa wafugaji wa Masisi, yule pale anayejificha nyuma ya maua. Simama mwanangu, wakuone! Héritière alipokuwa bado anapima, sisi wazee tulimsumbua. Tulimwambia, "Weka nguvu yote. Kama inaweza kuona mpaka ziwani Lac Vert, iache ione!" Akatutii kwa adabu, akaweka nguvu yote. Mnakumbuka yaliyofuata? Malori yetu yakisimama kule barabarani, madereva wakila vile visamaki vya sambaza kwa Mama Dative, anayeuza pale kando, huku bariere inajiinua. Halikuingia gari hata moja. Waliingia mbuzi wa jirani, nao hawakuwa na kadi. Walikula majani ya viazi vya mbegu mpaka wakachoka wenyewe.

Basi Héritière akapanda ngazi, akakielekeza kisomaji chini kidogo, akapunguza nguvu, akaita lori moja lije polepole, lirudi, lije tena, mpaka likawa linasomeka likifika mbele ya bariere, umbali wa kama urefu wake tu. Kuona mbali ni kitu kizuri kwa mtu aliye mlimani. Mlangoni, inatosha kumwona anayebisha hodi. Na kuna dereva mmoja, simtaji, anacheka pale, ambaye aliogopa wezi akafungia kiboksi chake ndani ya sanduku la chuma la vifaa, halafu akaja kulalamika kwamba bariere inamchukia. Mawimbi hayapiti chuma, ndugu yangu. Hata wewe ungefungiwa mle usingesikia ukiitwa.

Sasa nimfikie Magloire.

Jumamosi moja jioni Magloire aliegesha lori uani, akaacha ufunguo kwa fundi wetu wa magari, Bienvenu, ili atazame breki. Kadi akaiacha pale ilipozoea kulala, kwenye kiboksi. Akapanda pikipiki, akaenda Kalengera kwenye ndoa ya dada yake Niyigena. Jumatatu asubuhi tukalikuta lori limeinama upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Chuma cha kubebea uzito kimevunjika, na nyuma kumejaa vumbi jeusi la mawe ya volkano, yale tunayojengea. Tukamuuliza Papa Nizeyimana nani alitoka na lori Jumapili, siku ya Mungu. Akatuonyesha ekrani. Ilikuwa imeandika: Magloire.

Kamati ikaketi. Mimi nilikuwepo, na maneno yalikuwa hivi. Muzee Habarurema alisema, "Magloire, mashini inasema ulitoka na kamyo."

"Muzee, nilikuwa Kalengera. Batu bote baliniona, hata pasta."

"Pasta iko na marafiki. Batu ya ndoa ni ndugu zako. Mashini haina ndugu."

"Lakini Muzee, miye niko mutu moja! Nicheze Kalengera na nibebe mawe Goma, saa ile ile?"

"Nitajuaje? Uliza mashini."

Ndugu wageni waalikwa, tafakarini kidogo. Ndoa nzima ilimwona mtu huyu akicheza, bibi arusi alimwona, wapiga ngoma walimwona, na sisi, bila hata kuuliza ufunguo ulilala wapi, tukaamini sinia iliyo juu ya nguzo. Siku zile Magloire hakuendesha. Akawa anakuja asubuhi, anaketi karibu na pipa la maji, anaangalia lori likioshwa na mtu mwingine. Mama Léonie alipopita sokoni, wanawake waliokuwa wakimwita kwa mbali walianza kupanga nyanya zao upya, kana kwamba hawakumwona. Mtu anaweza kukosa mshahara akakopa unga kwa jirani. Akikosa jina, atalikopa wapi? Kamati ilikuwa imekwisha kukubaliana kwamba atafukuzwa, ikabaki tu Muzee aseme neno la mwisho.

Siku hiyo ya neno la mwisho Héritière alikuwa uani, anafunga waya wa taa. Akasikia. Akafuta mikono, akaja mbele ya kamati.

"Muzee, nisamehe. Mbele ya kufukuza mutu, ukubali nikuonyeshe kitu. Unajua kuendesha kamyo?"

Muzee Habarurema akacheka. "Mwana, nimeendesha kamyo mbele mama yako hajaolewa."

"Basi panda. Utoke mpaka barabarani, urudi."

Muzee akapanda, kofia kichwani, fimbo yake akaiweka kwenye kiti cha pembeni kama abiria. Injini ikanguruma, tukasogea sote, kuku pia. Lori likaenda taratibu mpaka mbele ya nguzo, na bariere ikainuka kwa heshima kubwa. Papa Nizeyimana, ambaye ana sauti ya kuamsha kartye nzima, akasoma ekrani kwa kelele: "Magloire anatoka! Magloire, safari njema!"

Na Magloire alikuwa amesimama karibu na pipa la maji, mikono nyuma, mdomo wazi.

Tulicheka hadi machozi. Muzee akasimamisha lori katikati ya lango, akatoa kichwa dirishani, akauliza, "Basi ni miye nilibeba mawe?"

Hapo ndipo Bienvenu alipotoka chini ya gari alilokuwa akitengeneza. Akasimama mbele ya lori, amejaa mafuta ya injini, akasema, "Muzee, shuka. Mawe ilikuwa yangu. Nilimubebea baba mukwe, anajenga."

"Na ukanyamaza siku zote hizi?"

"Niliona mashini imesema Magloire. Nikafikiri mashini imenisamehe."

Hata Muzee, ambaye alikuwa amekasirika, alishindwa kukunja uso. Lakini Magloire hakucheka. Alimsogelea Bienvenu mpaka karibu, tukaogopa ngumi, naye akasema kwa sauti ya chini: "Ungeniomba, ningekubebea miye mwenyewe."

Sijasikia adhabu nzito kuliko hiyo. Bienvenu aliinama akalia. Jumapili iliyofuata alikwenda nyumbani kwa Magloire pamoja na kamati, akasema yote mbele ya Mama Léonie na majirani walioitwa makusudi wasikie, na Fanta ikanywewa. Chuma kilichovunjika alikibadilisha kwa mikono yake. Na viboksi mnavyoviona kwenye malori mapya, yeye ndiye aliyevibandika, Héritière akisimama nyuma yake na kumwambia, "Juu kidogo, Papa Bienvenu, pale kioo haina rangi, mawimbi ipite." Bienvenu, namshukuru Mungu kwamba umekuja leo na hukubaki nyumbani kwa aibu. Keti kwa raha.

Tukamuuliza Héritière: je, mashini ilidanganya? Akasema hapana, ilisema iliyoyaona. Iliona kadi. Kwa nyinyi wafugaji nitaeleza hivi. Mchungaji akitundika fimbo yake kwenye pembe ya ng'ombe, kisha akaenda kulala, na wewe ukaiona fimbo ile ikitembea kilimani, utasema kundi lina mchungaji? Utasema fimbo inatembea. Mtu uende umtafute.

Kwa hiyo Héritière alirekebisha mambo, na hicho ndicho tunachokifungua leo. Zamani jina lilipotokea, bariere iliinuka yenyewe, na Papa Nizeyimana alibaki na chai yake. Nilimuuliza kwa nini hakumtazama usoni aliyekuwa akiendesha siku ile. Akanijibu, "Bariere imeinuka yenyewe, miye ni nani wa kuikataza?" Alikuwa na haki. Sasa jina linatokea pamoja na picha, taa inawaka, na bariere inangoja. Papa Nizeyimana anatoka, anatazama picha, anatazama uso, anasalimia, ndipo anabonyeza. Wako waliosema kisomaji kitamwondoa kazini. Mnaona kimempa kazi ya kusalimia, na wote tunajua anavyoipenda, maana hamwachi mtu kabla hajamuuliza habari za ng'ombe.

Muzee Habarurema, najua kwamba tangu siku ile akina mama wa barabarani wanakuita Magloire, na najua unaitika. Mkubwa anayekubali kupanda lori ili aone kama amekosea ni mkubwa wa kufuatwa. Ungeweza kusema neno la mwisho ukiwa umeketi kwenye kiti chako, na nani angekubishia? Ukaamua kupanda. Kwa hilo, na kwa kucheka kwako katikati ya lango, tunakupigia makofi.

Héritière, mwanangu, kisomaji umekifunga vizuri. Lakini waya ulizozifunga ni nyingi, na jina ulilolifungua ni moja, na leo nasifu hilo moja.

Magloire, njoo hapa mbele. Mama Léonie, njoo naye. Huu ni ufunguo wa lori, nakupa kwa niaba ya kamati. Na hii ni kadi yako. Ndiyo, tumeitoa kwenye kiboksi asubuhi hii, Héritière alikuta bado iko humo! Chekeni, chekeni, lakini najua hata zenu ziko humo wakati huu ninapozungumza, na malori yenu yameegeshwa pale nje, kila moja likijibu kwa jina la mtu aliyeketi hapa.

Nawashukuru Shefu, Pasta, na wote mlioacha kazi zenu mkakaa juani kumsikiliza muzee anayependa kueleza. Chakula kiko tayari, na harufu yake imenishinda tangu nilipotaja mbuzi. Madereva, kabla hamjaketi kula, nendeni sasa kila mmoja kwenye lori lake, chomoa kadi yako, uiweke katika mfuko wa shati.