Milimita Ishirini na Tano za Kaka

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Milimita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na muuguzi. Mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alizaliwa miaka miwili baadaye na kukuta kila kizuri kimeshawahiwa: jina la babu, kitanda cha dirishani, na goti la mama.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, akamaliza mwaka 1972 akiwa wa kwanza darasani. Cheti chake mama alikitundika sebuleni, juu ya redio. Mdogo wake alipomaliza alikuwa wa nne. Wa nne si haba, lakini cheti chake kiliwekwa sandukuni, eti kisipate vumbi.

Tarehe 5 Februari 1979 ndugu hawa waliajiriwa siku moja kwenye uwanja wa mpira, kukata nyasi na kuchora mistari. Marehemu alitembea na rula mfukoni, akipiga magoti kupima majani kama fundi anayepima pindo la suruali. Ndipo alipopata jina lake. Mwaka 1991 akafanywa msimamizi mkuu wa uwanja. Mdogo wake akakabidhiwa stoo ya mashine. Watu wakawa wanampongeza mdogo kwa kuwa na kaka kama yule. Aliitikia asante, na roho ikimuuma kwelikweli.

Tarehe 20 Desemba 1986 marehemu alikuwa amefunga ndoa na mpishi wa kantini ya uwanja. Aliyemwona kwanza ni mdogo wake, lakini hayo tuyaache. Shemeji, samahani. Walijaliwa mabinti wawili na nyumba ya vicheko. Mdogo wake alikwenda kula huko kila Jumapili, akarudi kwake ameshiba na amenuna.

Miaka kumi na moja iliyopita uwanja wetu ulichaguliwa kwa mechi sita za mashindano ya kimataifa. Wakaguzi walitaka nyasi za milimita ishirini na tano, zisizidi wala zisipungue. Waandishi wa magazeti walimiminika kumpiga picha marehemu na rula yake. Stoo hakufika hata mmoja.

Ndugu waombolezaji, yanayofuata msiyatafute kwenye karatasi zenu. Hayakuchapishwa. Karatasi zinasema marehemu alikosea mara moja tu katika kazi yake yote, asubuhi ya mechi ya ufunguzi, alipokata nyasi chini mno. Barua ya rambirambi ya uwanja imesema hivyohivyo, kwa upole. Hata shemeji anaamini hivyo. Si kweli.

Asubuhi ile mdogo wake alichukua spana akateremsha visu vya mashine. Hakutumwa na mtu, alitumwa na wivu. Alitaka kaka aaibike kidogo, siku moja tu, mbele za watu. Marehemu aliwasha mashine, akakata mstari mmoja mbele ya jukwaa kuu, akageuka kutazama. Lo! Kipara kitupu, udongo nje. Akazima, akainama, akashika bolti. Spana ya bolti ile ilikuwa kwa mtu mmoja tu. Mkaguzi akaja mbio.

"Nani kaharibu hivi?"

Marehemu alimtazama mdogo wake, kisha akasema, "Mimi. Nimekosea kipimo."

Akaondolewa palepale. Mechi zote sita zikasimamiwa na mdogo wake, akapeana mikono na manahodha, akapigwa picha. Marehemu alizitazama kwenye televisheni nyumbani, na kila jioni alipiga simu: "Mdogo wangu, goli la kusini linanyauka, lipe maji." Baadaye alirudishwa kama mkataji wa kawaida, akastaafu hivyo mwaka 2018.

Agosti mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Mwezi uliopita, wodi ya wanaume, kitanda namba tisa, mdogo wake alishindwa kuvumilia.

"Kaka, ile bolti..."

"Ile naijua. Niliijua siku ileile."

"Mbona hukusema?"

"Wangekufukuza, na una watoto." Akavuta pumzi. "Lakini wewe nawe! Si ungeniomba tu huo uwanja? Ningekupa."

Mdogo wake alilia kama mtoto, na katikati ya kulia, jamani, akamwonea wivu tena. Hata kwa moyo kaka alikuwa amemzidi.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na mdogo wake. Viongozi wa uwanja mliopo hapa, kosa lile lifuteni kwenye jalada lake mliandike kwenye la mdogo wake, leo hii, kabla udongo haujamfunika. Shemeji, mumeo hakukosea.

Lala kwa utulivu, Kaka. Mdogo wako hana tena wa kumwonea wivu.