Bi Salhiya Msabah na Kamba ya Mita Hamsini

Baada ya miaka thelathini na mitatu kamili ya utumishi, Bi Salhiya Msabah anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Aliingia kituoni kwetu tarehe 1 Julai 1992 akiwa fundi msaidizi wa utafiti wa pwani, na cheo hicho hicho ndicho anachotoka nacho. Barua za kumwombea apandishwe zimo kwenye faili; nyingine nimeziandika mimi. Sisi tulichoka kuandika, naye alichoka kuuliza. Kamati ya hafla imenitaka niandike wasifu mchangamfu, basi nitajitahidi.

Kazi yake inaelezeka kwa sentensi moja. Kila bamvua, yaani mara mbili kwa mwezi maji yanapokupwa sana, aliondoka kwake Kikwajuni mapema, akafika Matemwe, akatandaza kamba ya mita hamsini juu ya fungu la mchanga, akaweka mraba wa bomba la plastiki kila baada ya mita tano, akainama na kuhesabu chaza waliomo. Bamvua zaidi ya mia nane, ukitoa mbili nitakazozieleza. Mimi ni mtakwimu wa kituo. Nilikaa Mji Mkongwe chini ya feni isiyozunguka, nikazipokea namba zake na kuzigeuza grafu. Namba hizo zilinipa shahada ya pili. Kwenye makala jina langu lilitangulia, yeye akashukuriwa mwishoni.

Wageni wake wote wana kisa kimoja naye. Ukimwamkia akiwa katikati ya kuhesabu, anakuinulia kiganja. Shikamoo yako inabaki hewani robo saa nzima, mpaka mraba umalizike, ndipo uitikiwe "Marahaba" kana kwamba umefika sasa hivi. Mtafiti mmoja kutoka ng'ambo alidhani amemuudhi, akaondoka zake kabla ya kuitikiwa. Kina mama wakulima wa mwani walimcheka mwanzoni. Sumaiya, ambaye ndiye mwenyekiti wao, alikuwa akimuuliza serikali inamlipa kwa kuhesabu chaza asiowala au kwa kuwasumbua wanaowala.

Miaka ikapita, kicheko kikaisha, kwa sababu chaza waliisha. Namba za Bi Salhiya zilishuka kutoka kumi na wanne kwa mraba hadi watatu, na kina mama walizishuhudia zikishuka kwa macho yao. Alipowaambia sehemu ya fungu ifungwe watu wasiokote kwa miezi sita, walikubali, jambo ambalo semina zetu tatu na soda zake hazikuliweza. Toka wakati huo fungu hufungwa na kufunguliwa kwa namba zake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka ofisini kwetu.

Sasa zile bamvua mbili. Machi 2011 mama yake aliugua huko Tumbatu, akaomba ruhusa ya mwezi mmoja, nami nikapewa kazi yake. Bamvua ya kwanza mvua ilinyesha, sikwenda. Ya pili nilikuwa na mafunzo Tunguu, sikwenda. Mwezi ulipoisha nikachukua wastani wa miaka ya nyuma, nikaongeza huku, nikapunguza kule ili zifanane na namba za kweli, nikazijaza daftarini kwa kalamu mbili tofauti. Nilijiona fundi kwelikweli.

Aliporudi alilisoma daftari kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akaniuliza taratibu, huku akijimiminia chai:

"Wakil, umepimia kamba gani? Maana kamba ipo kwangu Kikwajuni toka mwezi wa pili, nnaifunga mafundo upya."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Futa," akasema. "Andika haikupimwa, utie saini yako."

Nilifuta, nikaandika, nikatia saini. Hakumwambia mtu. Miaka kumi na minne tumekula urojo wa mchana meza moja, hajanikumbusha hata kwa utani, na wallahi ningependa angenitania.

Naliandika hili leo kwa sababu nafasi yake haijajazwa, na hakuna anayejua itajazwa lini. Mwezi uliopita kikao kiliamua kwamba mpaka apatikane mtu, namba za Matemwe zikadiriwe kwa kompyuta, nami ndiye niitengeneze njia ya kukadiria. Kukadiria ni elimu halali, nimeisomea. Ukikosa mwezi mmoja, kadiria, na useme umekadiria. Lakini kukadiria bila mwisho, huku akina Sumaiya wanasubiri namba za Septemba waamue kulifungua fungu au kulifunga tena, ni kupiga ramli. Watafungua mahali patupu kwa neno langu. Nilikataa. Wakaniuliza nani basi atakwenda kuinama, na nikajisikia nikisema nitakwenda mimi. Nina miaka hamsini na saba na goti bovu. Sikufurahi siku ile, na mpaka leo sijafurahi.

Alhamisi ya tarehe 26 Juni alihesabu kwa mara ya mwisho, nami nikaenda kujifunza. Jua lilituchoma, mgongo ukaniuma kabla ya mraba wa tatu. Wa saba ulitoka mtupu, nikataka kuuruka tuwahi kumaliza. Akanipa kalamu, akasubiri mpaka nikaandika sifuri. Tulipomaliza aliikunja kamba, akanitilia mkononi, akaenda kukaa kivulini. Nilimwona analia kidogo, au jasho, sikumuuliza.

Bi Salhiya, umeshatuambia hutaki saa ya ukutani wala hotuba ndefu. Umesema unataka kuswali alfajiri na kurudi kulala bila kuitazama jadweli ya maji kupwa na kujaa. Umestahiki. Ahsante kwa mgongo wako, kwa macho yako, na kwa siri uliyonistiria. Wenzako wote tunakuombea siha njema, usingizi mrefu, na wajukuu wasiokuuliza hesabu.

Bamvua ijayo ni Jumamosi, tarehe 12 Julai. Daftari litakuwa mezani kwangu, pita siku yoyote. Ukikuta imeandikwa haikupimwa, na saini yangu chini, ujue goti limenishinda. Ukikuta namba, zisome kwa kidole. Kamba ninayo mimi.