Mpini wa Injini ya El Dibir

Ami Jirde Samatar anastaafu Alhamisi hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuendesha pampu ya kisima chetu cha El Dibir. Kamati ya kisima imeniambia niandike haya ya kumuaga, tena kwa furaha. Najitahidi, lakini nimeshachana karatasi tatu.

Alipoanza kazi, El Dibir haikuwa wilaya ya mtu yeyote. Leo ni wilaya mara mbili. Serikali ya Hargeisa inatuhesabu mkoa wa Togdheer, ile ya Garowe inatuhesabu mkoa wa Ayn, na kila upande umetuletea mkuu wake wa wilaya, na ofisi yake, na bendera yake. Kisima ni kimoja tu, jamani! Injini nayo ni moja, ya kuwashwa kwa mpini wa kuzungusha, na Ami halali bila kuuweka mpini huo chini ya mto.

Siku zote aliita zamu za maji kwa chapa walizochomwa ngamia ngozini. Jina la wilaya halikutajwa kisimani. Mwaka mmoja wa ukame aliugua malaria, karani mgeni akashika zamu akaita, "Wa Ayn mbele, wa Togdheer nyuma!" Loh! Bunduki zikashuka mabegani. Ami akatokea amejifunika shuka, anatetemeka kwa homa.

"Nyie! Ngamia wenu wanajua wako wilaya gani? Basi waulizeni, mimi nikalale!"

Watu wakacheka, wakajipanga kwa chapa. Mimi nilikuwa bado nimejificha nyuma ya tangi.

Ami ni mtu wa utani kweli. Chai yangu husema inafaa kuoshea injini, kisha anaomba kikombe cha pili.

Sasa kila mkuu wa wilaya ameshateua mtu wake wa kumrithi Ami. Alhamisi, kwenye sherehe ya kumuaga, watakaa mstari wa mbele, kila mmoja akisubiri mpini uwekwe mikononi mwa mtu wake. Jana nilimuuliza atampa nani.

"Shukri, mwanangu, pika chai kwanza," akanijibu. Aliinywa yote bila kuitania.

Ami, asante kwa kila tone. Sisi wote tulionywea kwako, wa bendera hii na ile, tunakutakia maisha mema, ngamia wenye maziwa, na nyumba iliyo karibu nasi. Iwe karibu vya kutosha uisikie injini ikinyamaza, uje tena umejifunika shuka.

Shukri Bile, kamati ya kisima