Bukuru Alilia Watu, Butoyi Alilia Mlango

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Amahoro, amani kwenu nyote. Mimi ni mama wa mapacha wasichana, Bukuru na Butoyi, na leo nasimama kueleza jinsi Mungu alivyonifungua.

Mabinti zangu hawasemi. Muganga wa Bujumbura alituambia wote wawili wana usonji. Nilikubali, lakini swali moja lilinikaa rohoni: kama hali ni moja, mbona hawafanani? Bukuru humkimbilia kila mgeni, akamnusa nywele na kucheka. Butoyi akiona mgeni hujificha nyuma ya pipa la maji. Tumbo moja, hali moja! Nilikuwa namuuliza Mungu, "Baba, hawa uliwaumbaje?"

Kisha ziwa likapanda. Ndugu zangu, mnalijua ziwa letu! Maji yaliingia mpaka chini ya kitanda. Tukahamia sehemu ya Gatete, katika nyumba ya kupanga, na shida ikaanza. Butoyi alikataa kuingia ndani. Alikaa uani akigonga kichwa ukutani, chakula hataki. Na Bukuru wangu wa kicheko akanyamaza, akawa analala tu mchana kutwa. Majirani wapya walikuwa wakimkwepa, wakaniambia, "Mama, hawa watoto iko na mapepo!" Niliogopa sana. Butoyi alikuwa anakonda mbele ya macho yangu.

Nikafunga, nikaomba. Sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Ila nilipata hamu ya kuwaangalia mabinti zangu, kama mtu anayejifunza lugha ngeni. Nikaona kwamba tukifika barabarani, Butoyi hunivuta mkono kuelekea ziwani. Asubuhi moja nikamwacha anivute. Tukafika nyumba yetu ya zamani, maji magotini. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wetu wa mbao, akapitisha vidole kwenye rangi iliyobanduka, akatulia. Ndugu zangu, akatulia kabisa!

Nilimweleza mume wangu. Akakuna kichwa.

"Mama Bukuru, unataka nibebe mulango?"

"Ubebe, Baba Bukuru."

Akaufunga kwenye baiskeli, watu wakamcheka njia nzima. Alipoupachika Gatete, Butoyi aliushika, akaingia ndani, akala ugali na samaki wadogo wa ndagala. Haleluya!

Lakini Bukuru hakuujali mlango hata kidogo. Nikashangaa tena. Huyu naye amekosa nini? Watu! Nikampeleka ufukoni kwa Mama Riziki, jirani yetu wa zamani, anayeanika ndagala. Akafungua mikono: "Eh, mutoto yangu, ulikuwa wapi?" Bukuru akamnusa nywele, akacheka mpaka wanawake wote wakaacha kazi. Mimi nililia palepale kwenye samaki.

Ndugu zangu, bado hawasemi. Mapepo hayakutoka, kwa sababu hayakuwamo. Aliyefunguliwa ni mimi; hofu ilinitoka! Bado namuuliza Mungu maswali, naye bado ananionyesha mambo mapya. Juzi nimegundua Butoyi anapenda kunyeshewa mvua, na Bukuru anaikimbia!

Imana ishimwe, Mungu ashukuriwe! Wewe mwenye mtoto ambaye watu hawamwelewi, mtegemee Yesu. Kaa chini karibu na mwanao, umuulize Muumba wake, "Huyu ni nani?" Anamjua vizuri, na hachoki kuulizwa.