Kitabu Kimoja cha Jalada la Kijani

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa mwisho, ambaye hadi leo namwonea wivu kwa mwandiko wake, nawasomea maisha ya dada yetu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1978, kisha sekondari, na mwaka 1991 akahitimu chuo cha uchapaji. Tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2001 aliajiriwa na kampuni ya programu za kompyuta za hospitali, akiandika vitabu vya mwongozo. Oktoba 2011, bosi alipolalamika kwamba mafaili ni mazito mno, dada alihifadhi picha zote za skrini kwa JPEG, aina ya faili ambayo hupunguza uzito kwa kutupa vitu vidogo vidogo, na kitabu cha dawa kikachapwa hivyo. Wiki ya pili muuguzi mmoja alipiga simu, kabla hajampa mgonjwa dawa, akiuliza kama dozi ya ukurasa wa 41 ni 2.5 au 25, maana nukta ilikuwa imemezwa na ukungu. Hakuna aliyedhurika, lakini dada alianza kurekebisha siku ileile. Kwanza aliyageuza mafaili yaleyale kuwa PNG, aina isiyotupa kitu, kosa alilotusimulia akijicheka, kwani ukungu nao ulihamia humo, ikabidi apige upya picha zote 186, azihifadhi kwa PNG tangu mwanzo, na avidai vitabu vilivyokwisha kwenda hospitalini, vikarudi 299 kati ya 300, na hicho kimoja kikamnyima raha. Tangu hapo alituandama hata sisi, picha ya harusi weka JPEG, ya skrini weka PNG, mpaka wanawe wakambandika jina la Bi Nukta, naye akalipenda.

Alianza kuugua moyo mwaka 2022, akalazwa tarehe 2 Mei 2024, akafariki tarehe 19, saa nne asubuhi, mabinti wakiwa wamemshika mikono, na tunafarijika kwamba aliondoka ametulia.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotupikia, wafanyakazi wenzake, na muuguzi yule wa simu, ambaye yupo nasi hapa mbele, kwa kutoona aibu kuuliza. Kile kitabu kimoja ambacho hakikurudi kina jalada la kijani, na atakayekiona kwenye kabati la kazini hospitalini asikitumie, atuletee sisi. Pumzika kwa amani, dada, kazi ya kukitafuta tumeipokea.