Mama Taratibu na Watoto Walionyamaza

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwanasaikolojia wetu wa elimu anastaafu. Jina lake la kwenye vyeti wachache wanalikumbuka. Kitengoni tunamwita Mama Taratibu, kwa jinsi anavyomtuliza mwalimu anayeingia ofisini akiwa amekwisha kumhukumu mtoto.

Alianza kama mwalimu wa hesabu shule ya msingi. Kilichomkosesha raha ni wanafunzi walioandika majibu sahihi daftarini, lakini wakiulizwa wanainamisha kichwa. Akarudi chuoni kutafuta sababu.

Miaka yake ya mwanzo hapa, aliletewa binti wa darasa la nne ambaye tangu ahamie alikuwa hajatamka neno shuleni. Nyumbani, mama yake aliapa, alikuwa chiriku. Mwalimu mkuu alishaamua kumpeleka shule ya watoto wasioweza kusema. Mama Taratibu aliomba muhula mmoja. Kila wiki aliketi naye kwenye viti vya watoto, magoti yakimkaribia kidevu, wakiunganisha vipande vya picha bila kumuuliza lolote. Wenzake tulinong'ona kwamba muhula unaishia hivi hivi. Hata mama mtu alianza kukata tamaa. Kisha siku moja Mama Taratibu akapachika mguu wa punda mahali pa mkia, na sauti ndogo ikasema, "Hapo umekosea."

Alitoka chumbani machozi yakimlengalenga. Tulimsifu kwa mbinu yake; mpaka leo anashikilia kwamba haikuwa mbinu, alikosea kweli. Binti hakuhamishwa. Alianza kuzungumza na mwenzake wa dawati, baadaye na mwalimu. Sasa ni mtangazaji wa redio, na mama yake analalamika kwamba hapati nafasi ya kuchangia neno.

Tukio lile lilizaa utafiti wake mkubwa, kuhusu hofu ya kukosea mbele za watu. Alizunguka madarasani akiwatazama watoto wanaojua jibu na kulimeza, akabaini kwamba mwalimu akikubali kusahihishwa, nao huthubutu kujaribu. Leo walimu wapya hufundishwa hivyo.

Vikaoni alitutesa kidogo: chai ilipoa akitaka tuseme kwanza mtoto anaweza nini. Tumezoea. Wengine tumeijaribu njia hiyo hata kwa wenzi wetu, ingawa huko matokeo bado yanachunguzwa.

Ameshajiandikisha kujifunza kuogelea, pamoja na wajukuu wake. Asante, mama yetu, kwa subira uliyoturithisha. Tunakuombea afya njema, furaha tele, na maji yasiyozidi kifua.