Pasi Ikisimama: Maisha ya Fundi Kimoja, Dobi

Ndugu, majirani na wateja mliofika, wengine mkiwa mmevaa nguo alizozinyoosha marehemu kwa mkono wake mwenyewe, mnaombwa mkae vizuri, na mwenye simu aitie mfukoni. Marehemu hakupenda mtu awepo mahali nusunusu.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Aprili 1949, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mpakiaji kiwandani hapo, na mama yake alishona mito. Mama huyo alisimulia hadi mwisho wa maisha yake kwamba mtoto huyu hakulia alipotoka. Aliitazama taa kwanza, akamtazama mkunga, akakitazama kikombe mezani, alipomaliza ndipo akalia. Mkunga hakuwahi kuulizwa, kwa hiyo habari hiyo imebaki salama.

Alianza shule Januari 1957 na kumaliza darasa la saba mwaka 1963. Hapa hatutampamba. Shuleni akili yake ilikuwa mbuzi aliyekata kamba. Mwalimu wa hesabu yuko kwenye kujumlisha, yeye yuko nje na kunguru. Katika ripoti yake ya darasa la tano mwalimu aliandika maneno mawili tu: "Mwili unahudhuria." Mliomjua uzeeni hamtaamini, lakini ripoti ipo. Mkewe ameitunza kabatini pamoja na cheti cha ndoa, maana anasema vyote viwili vinahusu mahudhurio.

Februari 1967 aliajiriwa katika duka la dobi lililotazamana na posta. Lilikuwa na meza tatu za kupigia pasi, pasi nne za umeme, na mabeseni sita ya zege uani. Kijana alikuwa na mkono mwepesi, na kufikia mwaka 1970 nguo za harusi zilikuwa zinakuja mezani kwake moja kwa moja. Ndivyo lilivyomfikia gauni jeupe la binti mmoja wa mtaa wa pili, na ndivyo mambo yalivyoharibika, na kwa kuharibika yakatengenea.

Bibi harusi huyo alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyetumwa kulipeleka gauni siku ya Jumatano. Huyo mdogo ndiye mjane wa marehemu leo. Alilipeleka, akamwona mpiga pasi, akarudi nyumbani akiwa ameshikwa na kiu isiyotulizwa na maji ya kwao. Ijumaa, tarehe 9 Juni 1972, alipita mbele ya dirisha la duka lile akiwa na ndoo kichwani, kama anayetoka kuchota. Nyumbani kwao bomba lilikuwa uani na maji yalikuwa yanatoka vizuri tu. Alipita tena. Alipopita mara ya mwisho aliona moshi.

Gauni liliungua nyuma, chini kidogo ya kiuno, alama kamili ya pasi, na ncha yake ikitazama juu kama mshale. Binti alifika nyumbani mbio, akaitua ndoo, na dada mtu alipoanza kulia na kuuliza ilikuwaje, uongo ulimtoka kabla mwenyewe hajausikia. Akasema alikuwa anapita kwenda dukani, akamwona mpiga pasi amesinzia, kidevu kiko kifuani.

Jioni ile kijana alikuja mwenyewe kuomba radhi, gauni amelibeba kwa mikono miwili kama mtoto mgonjwa. Baba mwenye nyumba alimwuliza akili yake ilikuwa wapi.

"Nilikuwa naangalia dirishani, mzee."

Dada mtu akadakia kwamba huyo alikuwa amelala fofofo, mdogo wake amemwona. Kijana akamtazama yule mdogo. Mdogo akaitazama sufuria. Kijana akaliweka gauni kitini, akaomba radhi tena.

Bibi harusi aliolewa kesho yake na utepe mpana uliofungwa kiunoni, fundo kubwa kwa nyuma, na inasemekana mabibi harusi wanne waliofuata waliomba mtindo huohuo. Lakini mwenye duka la dobi hakucheka. Mtu wa kuangalia dirishani angemgombeza yakaisha. Mtu anayesinzia na pasi ya moto mkononi atachoma duka zima. Basi kijana akashushwa kutoka mezani hadi kwenye beseni, mwaka mzima, mpaka Juni 1973.

Beseni la jirani lilikuwa na mama mmoja mfuaji, mkali wa ulimi, aliyefua tangu kijana hajazaliwa. Mama huyu alikuwa na swali moja, na alimwuliza kila alipomwona macho yamepotelea mbali: "Mikono yako iko kwenye maji. Wewe uko wapi?" Miezi ya kwanza kijana alikasirika. Baadaye akaanza kujiuliza mwenyewe kabla hajaulizwa. Akawa anausikia uchafu wa kola kwa ncha ya kidole, anaisikia sabuni ikibadilika sauti inapokaribia kuisha kazi. Mawazo yalipomtoroka, na yalimtoroka sana, hakujitukana. Aliyafuata, akayashika, akayarudisha kwenye beseni, kama mtu anayemrudisha kuku bandani bila kumrushia jiwe.

Aliporudi mezani alikuwa mtu mwingine. Alipopiga pasi, alipiga pasi. Alipokunywa chai, alikunywa chai, kikombe kwa mikono miwili, na aliyemletea habari za mjini alingoja kikombe kitue. Akimenya chungwa, ganda lilitoka zima, utepe mmoja, na chungwa lenyewe alilila kipande kwa kipande kama anayesoma barua. Mtaa ukamwita Kimoja, kwanza kwa kumcheka, kisha kwa heshima, na mwaka 1981 alipofungua duka lake, chumba kimoja chenye dirisha kubwa, aliandika mlangoni "Fundi Kimoja". Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Yeye hakuponyokwa.

Kazi yake ilijulikana. Mkunjo wa suruali aliyoinyoosha ungeweza kukata mkate, na mkewe anashikilia kwamba aliwahi kuukatia. Nzi alitua siku moja kwenye kola aliyoimaliza Fundi, akateleza, akavunjika mguu, akaondoka kwa kuchechemea. Atakayepinga amlete nzi mwenyewe.

Lakini wengi wenu hamkumfuata kwa ajili ya pasi. Mtu akija dukani na jambo, Fundi hakumsikiliza kwa sikio moja huku mkono ukiendelea. Alimaliza kipande alichoanza, akaisimamisha pasi wima kwa kisigino chake, akaweka viganja mezani, akasema, "Pasi imesimama. Sema." Kisha akakutazama, na hukuwa na pa kujificha, wala hukutaka. Kuna jirani mmoja, mwaka aliofiwa na mumewe, alileta shati lilelile safi Jumatatu nne mfululizo. Fundi alilipokea mara zote nne na hakuuliza kwa nini halijachafuka.

Ndoa ilifungwa Jumamosi, tarehe 16 Novemba 1974, kati yake na yule binti wa ndoo. Dada mtu alinung'unika kwamba mdogo wake anaolewa na usingizi. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli, na bibi harusi hakusema. Aliogopa kwamba kijana akijua nani alimpeleka kwenye beseni, pete itarudi dukani. Mwaka uliofuata akaona aibu ya kuchelewa. Uliofuata tena, aibu ya aibu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yake ilimchukua miaka hamsini na miwili na ushee.

Nyumbani kwao hapakuwa na redio. Watu wakishangaa, Fundi alisema anayo, ameioa, tena haili betri. Kweli mkewe alikuwa msemaji, na nusu ya aliyoyasema yalikuwa yametokea. Alipenda kumjaribu mumewe: anafika katikati ya hadithi ndefu, anakatiza, anamwuliza imeanzia wapi. Fundi alimrudishia yote tangu mwanzo, na pale mke alipobadilisha idadi ya mbuzi, alimkumbusha kwa upole idadi ya awali. Siku nyingi mke alisimama mlangoni pa duka na lile jambo la gauni likiwa kwenye ncha ya ulimi. Fundi akaisimamisha pasi. Mke akaishia kusimulia habari za kuku wa jirani.

Mwaka 2022 mjukuu wao wa kike, mwanafunzi wa chuo, alimletea babu simu yenye programu inayofundisha utulivu. Ililia kengele kila baada ya muda kumkumbusha mtu apumue. Babu aliisikiliza kengele mara tatu kwa makini, kisha akamrudishia. "Nzuri, mjukuu wangu," alisema. "Lakini mimi hii kazi sijaacha." Tangu siku ile mjukuu alikuwa akienda dukani Jumamosi kumenya chungwa na babu yake, na simu wanaiacha chini ya lundo la mashuka.

Alianza kuugua Agosti 2023, kwa kikohozi kikavu. Madaktari waligundua kwamba mapafu yake yalikuwa yanakakamaa kidogokidogo. Alifunga duka Desemba 2024, baada ya kumaliza shati la mwisho la mteja wa mwisho. Februari tarehe 24 alilazwa, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, karibu na dirisha. Kila pumzi ilikuwa kazi, naye aliifanya kazi hiyo kama alivyofanya zote. Alinong'ona taratibu za shati: kola akivuta, mabega akishusha, mikono akivuta, mgongo akishusha, kifua, na kurudi kwenye kola. Mgonjwa wa kitanda cha pili, dereva wa lori, naye akaanza kupumua kishati, na muuguzi alisema ndiyo wodi pekee ambayo wagonjwa walikuwa wanapiga pasi wakiwa wamelala.

Jumatatu, tarehe 3 Machi, daktari alimwita mkewe pembeni akamwambia zimebaki siku, si wiki. Mke akajua kwamba jambo la gauni litasemwa sasa au litazikwa naye. Aliketi kando ya kitanda akafungua mdomo, na mumewe akainua kidole kimoja: subiri. Alikuwa kwenye mgongo wa shati. Jumanne vilevile, kidole. Mwanamke ambaye hajawahi kukosa la kusema alikaa siku mbili kimya, akihesabu mashati.

Jumatano saa kumi alasiri, Fundi aliacha kunong'ona. Aliinua kiganja chake cha kulia akakisimamisha wima juu ya shuka, kwa kisigino cha mkono. Mke aliielewa pasi ile.

"Baba watoto, siku ile ya gauni hukusinzia," alimwambia. "Nilisema uongo. Mimi ndiye niliyekuwa napita na kurudi dirishani."

Fundi alivuta pumzi, akaishusha. "Mara nne," akasema. "Na ndoo uliishika kama imejaa. Haikudondosha hata tone."

Mke akamwuliza mbona basi hakumtaja mbele ya baba yake. Alijibu kipande kwa kipande kwamba alisema alikuwa anaangalia dirishani, na mzee hakuuliza dirishani kulikuwa na nini. Akamwuliza, na mwaka mzima wa beseni? Akasema alifua. Kisha akapumzika mashati mawili mazima, akaongeza, "Wanasema siku ile akili yangu haikuwepo. Ilikuwepo. Ilikuwa kwenye ndoo."

Mke alilia, na hapo katikati ya machozi akakasirika, akamwuliza kwa nini alimwacha aubebe mzigo huo miaka yote.

"Ulikuwa bado unasimulia," Fundi alisema. "Nilikuwa nangoja umalize."

Alifariki kesho yake, Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono bila kufanya jambo jingine lolote. Alishusha pumzi, hakuipandisha tena.

Shati alilovaa kwenye safari hii limenyooshwa na mkewe, katika duka lao, kwenye meza yake: kola, mabega, mikono, mgongo, kifua. Muda wote huo hakusema neno. Majirani waliochungulia dirishani walidhani anaumwa. Alipomaliza aliisimamisha pasi wima, na imebaki hivyohivyo mezani.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Ameacha pia shemeji yake, bibi harusi wa utepe, aliyeketi kiti cha mbele, ambaye ameisikia habari ya ndoo leo kwa mara ya kwanza. Mdogo wake anamwomba radhi mbele yenu wote, kwa gauni na kwa usingizi, na anaomba wagombane baada ya mazishi, maana sasa hivi tunazika.

Kazi yake yote aliifanya moja moja, na hii ndiyo ya mwisho. Apumzike kwa amani, na asifanye kingine chochote.